Kamua Taulo Mara Thelathini

Nyinyi mnaotoka chuoni na koti jeupe ambalo bado lina mikunjo ya dukani, ketini kidogo. Mimi mama yenu nilikuwa fisio kwa miaka thelathini na moja katika hospitali moja ya upande huu wa Meru. Jina lake silitaji, maana kosa ninalotaka kuwasimulia halikuwa la hospitali, lilikuwa langu. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha migongo, kuwafundisha watu kutembea tena baada ya kiharusi, na kutibu mikono. Watu waliniita daktari nami sikuwakatalia. Sasa nimestaafu, niko Nkubu na kuku wangu na miguu inayovimba jioni. Mkitafuta maneno ya kutia moyo, nendeni kwa mhubiri. Mimi sina.

Niwape kicheko kwanza, kwa sababu mbele huko hakipo.

Mama mmoja mchuma chai alikuja na kifundo cha mkono wa kulia, kimemuuma miezi mitatu. Nikampa gango, kile kibao cha plastiki cha kufungia kifundo kisigeuke, nikamwambia alivae wiki sita bila kulivua ila akioga. Baada ya wiki mbili akarudi amelivaa vizuri kabisa, safi, mikanda imekazwa. Mkono wa kushoto.

"Mama," nikamwambia, "mkono mgonjwa si ni wa kulia?"

"Ni wa kulia, Daktari."

"Na gango liko wapi?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgumu wa kuelewa. "Sasa huu wa kulia nikiufunga, nitachuma na nini?"

Tulicheka, mimi na yeye, mpaka wagonjwa wa kwenye benchi wakachungulia. Niliirudia hadithi hiyo kwa kila mtu, hata kwenye harusi. Ilichukua miaka kabla sijaona kwamba yule mama alikuwa amenieleza kazi yetu yote kwa sentensi moja. Dawa ya kifundo ni kukipumzisha, na huku kwetu hakuna mtu mwenye mkono wa kupumzisha.

Haya. Nyinyi siku hizi mna mashine zinazoonyesha hata nyama ya ndani. Sisi tulikuwa na eksirei na vidole vyetu, na vidole vyangu vilikuwa vimezoea upande mmoja tu. Wachuma chai wengi wanaumia upande wa kidole gumba. Unamwambia afumbate gumba ndani ya ngumi, unainamisha kifundo kuelekea kidole cha mwisho, akiruka umeshajua. Siku nyingine niliona watano au sita wa namna hiyo kabla ya chai ya saa nne. Nikawa hodari, na uhodari ukaniziba macho. Mtu akiingia ameshika kifundo, kabla hajaketi nimeshafumba gumba lake.

Chumba cha pili kulikuwa na fundi wa plasta, mzee wa kutoka Karurumo, anaitwa Njeru. Hakuwa na cheti cha aina yoyote. Aliajiriwa kufagia, akajifunza plasta kwa kutazama, na mwisho hakuna aliyemshinda. Magango yetu yote aliyatengeneza yeye kwa mabomba ya plastiki ya maji. Anakata kipande, anakichovya kwenye sufuria inayochemka hadi kilainike, halafu anakifinyanga juu ya mkono wa mgonjwa uliovishwa soksi nene. Na alikuwa na mdomo. Mimi aliniita Diploma.

"Diploma," ananiambia, "mkono ukiulaza mezani hausemi kitu. Unaringa. Nenda uutazame ukiwa kazini."

"Mzee, leo nina wagonjwa arobaini. Niwafuate mashambani?"

"Usiwafuate wote. Mfuate yule usiyemwelewa."

Nikamwambia aangalie sufuria yake, maji yanamwagika. Hayo ndiyo majibu niliyokuwa nikimpa mzee anayenipita umri kwa miaka ishirini. Mama yangu angesikia angenitwanga.

Sasa nifike kwa Baba Kinya.

Alikuwa mfungaji wa miraa kule Kangeta. Kama hamjawahi kuona kazi hiyo, sikilizeni. Miraa ikishachumwa haingoji mtu. Inaletwa sokoni imefunikwa kwa majani ya mgomba, na wafungaji wanakaa kwenye vigoda chini ya mabati, wanachambua, wanalinganisha ncha, wanafunga vitita kwa nyuzi za mgomba, kisha vitita vinaviringwa kwenye majani mabichi na gari linaondoka. Ikichelewa inanyauka, na iliyonyauka hainunuliwi. Miti ya miraa ya kwao ilikuwa imechukuliwa na kaka zake wakubwa. Yeye alibaki na kigoda na mkono, na mkono huo ulikuwa na sifa kote Igembe. Walisema anafunga vitita vitatu mwenzake akiwa bado anatafuta uzi.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye haya. Alivua kofia akaishika kifuani kama yuko kanisani.

"Hii mkono imekataa, Daktari."

"Inauma wapi?"

Akafanya wanavyofanya wote. Akakizungushia kifundo kizima vidole vya kushoto, kama mtu aliyeshika kuku shingoni. Na mimi nikaridhika na jibu hilo. Nyinyi msiridhike. Mwambieni mgonjwa aonyeshe kwa kidole kimoja tu, ncha ya kidole, na akisema ni kote mwambieni achague mahali ambapo ukimgusa atakupiga. Ningemwomba hivyo Baba Kinya, angeweka kidole upande wa nje, ule wa kidole cha mwisho, na maisha ya watu wawili yangekuwa mengine. Sikumwomba. Nilifumba gumba lake, nikainamisha kifundo. Akakunja uso, lakini hakuruka. Nikampeleka eksirei. Mifupa ilikuwa mizuri, ningeweza kuitundika ukutani.

"Hakuna kitu, Baba Kinya," nikamwambia. "Ni misuli imelegea tu."

Hakuna kitu! Mtu ametoka Kangeta kuja kuonyesha kitu, unamwambia hakuna kitu. Neno hilo lifuteni midomoni mwenu leo hii.

Kisha nikampa ile karatasi.

Lazima niwaambie kuhusu karatasi hiyo kwa sababu nilijivunia sana. Niliiandika mwenyewe kwa mkono, kwa Kiswahili chepesi, na michoro nikachora mwenyewe. Juu niliandika MAZOEZI YA KIFUNDO kwa herufi kubwa, na chini mazoezi sita. La nne lilikuwa hili: chukua taulo lenye maji, likamue mpaka tone la mwisho, mara thelathini asubuhi na mara thelathini jioni. Nilichora mikono miwili, taulo, na ndoo yenye mpini uliopinda, kwa sababu sikujua kuchora ndoo. Tulitoa nakala mpaka mashine ikaomba pole. Wanafunzi waliokuja kwangu kwa mafunzo waliondoka nayo, ikaenda zahanati za Igembe, ikaenda Embu, ikafika mpaka huko chini kwa Wambeere. Watu waliniambia, karatasi yako nimeiona mahali fulani, nami nikavimba kichwa.

Baba Kinya aliisoma yote, akiifuata kwa kidole.

"Nikifanya hii yote, nitapona?"

"Utapona, ukifanya bila kuniibia hesabu."

"Siwezi kukuibia, Daktari. Hii mkono ndiyo shamba yangu."

Alirudi baada ya mwezi. Kifundo kilikuwa kimevimba, na alipokigeuza kilitoa mlio mdogo, ka, kama kifuniko cha kalamu. Kwenye mfuko alikuwa na makopo mawili ya mafuta ya kupikia. Moja lilikuwa tupu na jingine lilikuwa na maharagwe thelathini. Akanionyesha. Kila akikamua taulo mara moja, anahamisha haragwe moja kutoka kopo hili kwenda lile, ili asinidanganye hata kwa bahati mbaya. Asubuhi maharagwe yanakwenda, jioni yanarudi. Binti yake Kinya, aliyekuwa darasa la saba wakati huo, alikuwa ameandika thelathini kwenye kopo kwa kalamu nyekundu.

Nilimtazama mtu huyo na makopo yake. Mnajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Vizuri sana. Basi sasa ongeza. Fanya arobaini."

Mlango wa chumba cha plasta ulikuwa wazi. Njeru alikuwa amesikia ule mlio. Akaja akikausha mikono, akaomba ruhusa kwa mgonjwa, si kwangu, akaukalisha mkono wa Baba Kinya juu ya wake. Upande wa nje wa kifundo kuna kamfupa kanakochomoza, kila mtu anako. Mbele yake kidogo, kabla hujafika kiganjani, kuna kishimo. Njeru akakibonyeza kwa ncha ya kidole, kimoja tu. Yule mtu mzima akasimama wima kutoka kwenye kiti na machozi yakamtoka.

"Ni hapo," akasema Baba Kinya. "Hapo hapo, mzee."

Njeru akanivuta kando. "Diploma, mfereji unapovuja ni nini kimekufa? Si bomba. Ni kampira kalikomo ndani. Hapa napo kana kampira, katikati ya mfupa na kiganja, na hakatoki kwenye picha. Huyu mtu kampira kake kanachanika. Usimwambie akamue kitu."

Alikuwa sawa, neno kwa neno. Kampira hako vitabu vyenu vinakaita gegedu, na eksirei haikaonyeshi. Lakini mimi nilikuwa na wanafunzi wawili wamesimama pale wananitazama. Nikamwambia, "Mzee, rudi kwenye plasta zako." Akarudi. Baba Kinya akaenda nyumbani na maharagwe kumi zaidi.

Miadi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Njeru akawa ananiuliza kila asubuhi, mfungaji wako yuko wapi, mpaka nikachoka naye, nikaomba siku moja nikaenda Kangeta. Nilikwenda kwa hasira, niwaambie ukweli. Nilitaka kumkuta Baba Kinya amezembea, nije nimwonyeshe Njeru.

Nilimkuta kwenye kigoda chake. Hakuniona. Nikasimama nyuma ya gunia nikatazama.

Mkono wa kushoto unashika kitita. Wa kulia unazungusha uzi wa mgomba, mara moja, mara mbili, ncha moja ya uzi iko menoni. Halafu unakaza. Na pale pa kukaza, kifundo kinapinda kwenda upande wa kidole cha mwisho na hapo hapo kinageuka, kwa nguvu, kama kinakamua. Kitita kinadondoka. Anachukua kingine, anazungusha, anakaza, anakamua. Kila akikaza alikuwa anafumba jicho moja. Mwenzake wa pembeni alishamaliza viwili. Mtu aliyekuwa akisifiwa Igembe nzima alikuwa sasa wa mwisho kwenye mstari, na msimamizi alimpita akimwambia, "Harakisha, mzee, gari inawasha."

Wenzangu, nilikuwa nalitazama zoezi la nne. Taulo langu. Mtu alikuwa anakamua miraa mchana kutwa, kampira kanachanika, anafika nyumbani mimi nimemwachia karatasi inayomwamuru akamue tena, asubuhi na jioni, kwa kuhesabu. Na alihesabu. Mgonjwa mvivu angepona. Huyu niliyemharibu alikuwa mtiifu.

Nilimwita kando. Nikamwambia mazoezi aache, yote, tutabadilisha matibabu.

"Kwani nilifanya vibaya?" akauliza.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Sentensi moja tu: Baba Kinya, ni mimi niliyekosea. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Hapana, ni mambo ya mwili tu. Kila mwili na wake."

Nawaambieni yanayofaa, maana hayo angalau niliyajifunza. Upande wa nje wa kifundo ukiuma, kwanza bonyezeni kile kishimo. Mwambieni mgonjwa ajisukume kutoka kwenye kiti kwa viganja, mwone kama atatumia mkono huo au atauficha. Mwulizeni kuhusu kugeuza ufunguo, kumimina chai kutoka kwa birika zito, kukamua nguo. Mwendesha bodaboda mwulizeni kuhusu mkono anaozungushia mafuta. Mlio ukiambatana na maumivu, msiuchekee. Fungeni gango mapema, kifundo kinyooke, kisiinamie upande wowote wala kisigeuke, wiki sita kamili. Sufuria ainue kwa mikono miwili, viganja vikitazama juu. Barafu au kitambaa cha maji baridi, sawa. Kuvutwa na wakandaji, hapana, na yale mafuta ya breki watu wanayojipaka, hapana kabisa. Mazoezi ya nguvu ni baada ya maumivu kutulia, tena mnaanza kwa kusukuma bila kugeuza. Wiki sita zikipita na bado, apelekwe kwa daktari wa mifupa asiendelee kubembelezwa. Ndiyo hayo. Yanaenea kwenye kiganja. Lakini yote yanategemea mtu aweze kukaa bila kazi, na hapo ndipo mtakaposhindwa kama nilivyoshindwa mimi.

Njeru alimtengenezea Baba Kinya gango zuri kuliko yote aliyowahi kufinyanga. Alitoboa matundu madogo ili ngozi ipumue, akalipaka kingo mshumaa lisimkwaruze. Baba Kinya alilivaa siku nne. Siku ya tano msimamizi aliliona, akamwambia kigoda si cha wagonjwa. Akalivua. Na usiku je? Alilivaa, maskini, kila usiku, kwa sababu nilimwambia alivae. Mchana alikuwa akiufanya ule mkono kazi iliyokuwa ikiuua. Nilimwandikia msimamizi barua, akaisoma, akaikunja, akaniambia kwa heshima kabisa, "Mama, miraa haisomi barua."

Daktari wa mifupa aliyekuwa akitutembelea mara moja kwa mwezi alimpima baadaye. Alisema gegedu limechanika vibaya, na kano la pembeni limelegea. Angefungwa gango mapema, alisema, pengine pangeshika. Sasa ni kupasuliwa, tena mbali na huku, na hata hivyo haahidi kitu. Aliyasema hayo kwa Kiingereza, akinitazama mimi. Baba Kinya akasubiri nimtafsirie. Nilimtafsiria kila kitu isipokuwa ile sentensi ya kufungwa gango mapema.

"Pengine kuna siku niliibia," akasema Baba Kinya polepole. "Mtu anaweza kusinzia, haragwe likapita."

Nilisema, "Usijilaumu." Basi. Mtu anajihukumu mbele yako kwa kosa lako, unamwambia asijilaumu, unajiona umekuwa mwema.

Njeru alikuwa mlangoni. Alipoondoka mgonjwa akaniuliza, "Umemwambia?"

"Nitamwambia."

Aliniuliza tena juma lililofuata. Aliniuliza Krismasi. Aliniuliza siku ya kustaafu kwake, tukiwa tumemkatia keki, akaniinamia sikioni kama anayeniaga, "Diploma, umemwambia?" Nikasema nitamwambia. Akarudi Karurumo kwa kahawa yake na hakuniita tena jina lolote. Tulimzika miaka mitatu baadaye.

Karatasi nilizokuwa nazo nilizichoma nyuma ya jiko la hospitali. Nikaandika nyingine isiyo na taulo. Lakini zile zilizokwisha kwenda zahanati sikuzifuata. Ningewaambia nini? Ningelazimika kueleza kwa nini nazitaka. Nikajiambia karatasi huchakaa, zitapotea zenyewe.

Baba Kinya alipoteza kigoda mwaka huo huo. Wakampa kuchambua majani, halafu kufagia soko, halafu wakaacha kumwita. Nilikuwa nikikutana naye mara moja moja alipokuja mjini. Mkono wa kulia ulikuwa haushiki tena kitu kizito kuliko kikombe. Mnajua kwetu kumsalimu mtu kwa mkono wa kushoto ni kumdharau. Yeye alinisalimu kwa kushoto, akiushikilia chini ya kiwiko kwa ule wa kulia uliokufa nguvu, na kila mara aliinama akasema, "Unisamehe, Daktari, ninakupa kushoto." Kila mara! Mimi ndiye niliyesamehe. Nilisema, "Si neno, Baba Kinya."

Alifariki mwaka jana, kifua. Nilisikia wiki mbili baada ya mazishi. Nilikaa na kuku wangu siku nzima, na nikiri kwamba mawazo ya kwanza hayakuwa huzuni. Yalikuwa nafuu, kwamba sasa sitalazimika. Mungu aliniona.

Miezi miwili iliyopita, nikiwa nachambua mchele kibarazani, aliingia mwanamke kijana mrefu mwenye haya. Aliulizia nyumba yangu kutoka stendi. Nilimjua kabla hajasema jina.

"Mimi ni Kinya," akasema. "Baba alikuwa akisema mkono ukiuma tukutafute wewe, hakuna mwingine."

Zamani kufunga miraa ilikuwa kazi ya wanaume, sasa hata wasichana wanakaa kwenye vigoda. Aliacha shule kidato cha pili baba alipokosa kazi kabisa, akakaa pale pale, kigoda kile kile. Miaka yote hiyo anafunga. Nikamwambia anionyeshe kwa kidole kimoja. Akaweka ncha ya kidole kwenye kishimo, upande wa nje. Nilipokibonyeza alisimama wima, kama alivyosimama baba yake.

"Umetibiwa wapi?"

"Zahanati. Kijana wa huko ni mzuri, amenipa mazoezi." Akafungua mkoba. "Nimefanya wiki tatu. Sijaibia hata moja."

Akatoa kopo la mafuta ya kupikia, kuukuu, lenye neno thelathini kwa wino mwekundu uliofifia. Kisha akatoa karatasi. Ilikuwa nakala ya nakala ya nakala, maandishi yameliwa pembeni, lakini ndoo ilikuwepo, na mpini wake uliopinda.

Nilimwambia. Sikuchagua maneno. Nilimwambia ni mimi niliyeiandika, zoezi la nne ndilo lililoumaliza mkono wa baba yake na sasa linaumaliza wake, nilijua siku ile Kangeta, na sikusema. Kinya alisikiliza akiwa ameshika kopo kwa mikono miwili. Kuku walikuwa wanadonoa mchele uliomwagika, hakuna aliyewafukuza.

"Baba alijua hivyo?"

"Hapana."

Akachungulia maharagwe ndani ya kopo. "Siku za mwisho alikuwa akiyahesabu tena haya maharagwe kitandani," akasema. "Alisema kuna asubuhi moja alifikisha ishirini na tisa akaitwa sokoni, na hakurudia. Alisema ndiyo maana ilikataa kupona. Alinihusia, nikipewa, nisikose hata moja."

Niliichana karatasi, na hiyo ilikuwa nakala moja tu. Nikaingia ndani nikaleta gango ambalo Njeru alikuwa amelifinyanga zamani liwe mfano wa kufundishia, nikamfunga. Lilimkaa.

"Sasa nifanye nini, Daktari?"

Nikamwambia maneno mawili, yale yale ya siku zote, kwa sababu ndiyo dawa na hakuna nyingine. Nikamwambia, pumzisha mkono.

Kinya alitazama jua, akalipima. Akalifungua gango taratibu, akalitia mkobani pamoja na kopo, akasema atalivaa usiku, maana gari la Kangeta halingoji na amemwachia mwenzake kigoda. Kisha akasimama kuniaga. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaushikilia chini ya kiwiko kwa wa kulia, akainama.

"Unisamehe, Daktari," akasema. "Ninakupa kushoto."